Kusoma Fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Oxford: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita, walimu wa lugha na wahitimu wa vyuo vyetu ambao wamekuwa wakiniandikia tangu niliporudi kutoka Oxford, ambako nilisoma shahada ya uzamili katika fasihi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kufupishwa bila kupotoshwa. Ada, tarehe na masharti ya viza hupangwa upya mara kwa mara, kwa hiyo kabla hujalipa chochote hakikisha umeyasoma kwenye tovuti ya chuo chenyewe na ya serikali ya Uingereza. Usiandikie mate ilhali wino upo.

Kwa nini mtu wa Afrika Mashariki aende kusoma fasihi Uingereza ilhali fasihi tunayo?

Swali hili naulizwa na wazazi zaidi kuliko wanafunzi, nami naliheshimu kwa sababu lina historia. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka jijini Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na Afrika na kuutazama ulimwengu kutokea hapo. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa amerudi kutoka Chuo Kikuu cha Leeds muda si mrefu. Waraka ule haukumkataza mtu kumsoma Shakespeare; uliloukataa ni kumfanya Shakespeare kuwa ratili ya kupimia maneno ya watu wote. Msimamo wangu ni huohuo. Anayekwenda Oxford kwa kuamini kwamba fasihi ya kwao ni ndogo ataumia, kwa sababu atakuwa hana pa kusimama pindi atakapoulizwa yeye anaonaje. Anayekwenda akiwa tayari amesoma tenzi, riwaya na tamthilia za kwao kwa dhati atakuta kwamba ana kitu ambacho wenzake darasani hawana.

Kinachostahili kufuatwa kule ni namna ya kusoma: kusoma polepole, neno kwa neno, kisha kuutetea usomaji wako mbele ya mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukuuliza. Pamoja na hilo kuna hazina ya maandishi ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Jina la chuo ni jambo la tatu, na kwangu ni la tatu kwa mbali.

Oxford ni ya kale kiasi gani, na ukale huo unamsaidia nini mwanafunzi wa fasihi?

Hakuna siku ya kuzinduliwa inayojulikana. Ufundishaji wa aina fulani ulikuwapo tangu mwaka 1096, nao ukakua haraka kuanzia mwaka 1167, baada ya Mfalme Henry wa Pili kuwakataza Waingereza kwenda kusoma Paris. Koleji, yaani vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu, zilikuja baadaye; kongwe kati yake, University, Balliol na Merton, zote ni za karne ya 13.

Lakini somo la fasihi ya Kiingereza, tofauti na watu wengi wanavyodhani, ni geni pale. Lilianzishwa rasmi kama shahada mwaka 1894, baada ya mabishano makali, kwa sababu wapinzani waliona kwamba kusoma mashairi ya lugha ambayo mtu anaizungumza nyumbani si kazi ya chuo kikuu. Wasomi walipaswa kusoma Kilatini na Kigiriki. Nilipolifahamu hili nilikumbuka jinsi Kiswahili nacho kilivyosubiri hadi mwaka 1970 kupata idara yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jinsi wapo hadi leo wanaouliza mtu anasomea nini lugha anayoijua tayari. Waingereza nao waliwahi kuulizana swali hilo kuhusu lugha yao wenyewe.

Faida ya ukale iko zaidi kwenye maktaba. Maktaba ya Bodleian ilifunguliwa mwaka 1602, na mwaka 1610 Thomas Bodley alikubaliana na chama cha wachapaji wa London kwamba nakala ya kila kitabu kitakachochapwa ipelekwe kwake. Utaratibu wa kupokea nakala kwa mujibu wa sheria unaendelea hadi leo, na maktaba hizo kwa jumla zina zaidi ya vitabu na machapisho milioni 13. Vitabu vya mkusanyiko mkuu haviazimwi; unavisomea palepale. Kabla ya kupewa kadi ya kuingilia, msomaji anatamka ahadi ya kutoharibu kitabu na ya kutoingiza wala kuwasha moto ndani ya jengo. Utacheka kidogo siku hiyo, kisha utakapowekewa mbele yako kitabu cha mkono kilichoandikwa miaka 1,000 iliyopita utaelewa kwa nini ahadi hiyo inatamkwa kwa sauti.

Ufundishaji wake unatofautianaje na wa vyuo vyetu?

Mihadhara ipo, tena mizuri, lakini mara nyingi hakuna anayeandika mahudhurio. Kiini cha shahada ya kwanza ni kikao cha wiki ambapo mwanafunzi mmoja, wawili au watatu hukaa na mkufunzi wao kwa takriban saa moja. Kabla ya kikao unapewa orodha ya vitabu na mada, unasoma, unaandika insha, kisha unakwenda kuijibia. Muhula una wiki nane tu, na mwaka una mihula mitatu inayoitwa Michaelmas, Hilary na Trinity, hivyo kazi hubanana kiasi kwamba anayepoteza wiki moja hutumia wiki mbili kuifidia. Likizo ni ndefu, lakini likizo za Oxford ni za kusoma. Anayezitumia kupumzika tu hujulikana katika wiki ya kwanza ya muhula unaofuata.

Ili isionekane kwamba nazungumzia jambo la hewani, nitaeleza kikao changu kimoja. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Niliandika kwamba Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alilipindisha jina la tamthilia ili liseme siasa, kwa sababu Shakespeare alimtaja mfanyabiashara, naye Mwalimu akaweka mabepari. Niliona nimesema jambo zito. Msimamizi wangu, ambaye Kiswahili hakijui hata kidogo, alikiweka kidole chake juu ya neno lile katika karatasi yangu, akauliza kwa upole: neno hili limetoka wapi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitumia neno hilo tangu shule ya msingi pasipo kujiuliza.

Nilirudi maktaba, nikafuata asili yake, nikakuta kwamba bepari limeingia Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani, na katika lugha zao maana yake ni mfanyabiashara tu. Maana ya mnyonyaji mwenye mtaji imekuja kuzidi nguvu baadaye. Basi Mwalimu hakuwa amelipindisha neno. Alikuwa amechagua neno moja lenye tabaka mbili, la zamani likiwa sahihi kwa Shakespeare na la sasa likiwa sahihi kwa Tanzania ya mwaka ule. Sura nzima ya tasnifu ilibidi niiandike upya, na ikawa bora mara kumi. Swali la maneno manne, lililoulizwa na mtu asiyejua lugha yangu, lilinifundisha jinsi ya kusoma lugha yangu. Ukiniuliza nilifuata nini Oxford, jibu ni kikao kile.

Husomwa nini hasa katika shahada ya kwanza?

Shahada ya kwanza ya lugha na fasihi ya Kiingereza huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza una utangulizi wa namna ya kuikabili lugha na fasihi, fasihi ya zama za mwanzo kuanzia takriban mwaka 650 hadi 1350, na vipindi viwili vya karibu, yaani 1830 hadi 1910 na 1910 hadi sasa. Sehemu ya zama za mwanzo huwatisha wengi kwa kuwa Kiingereza cha wakati huo ni kama lugha nyingine kabisa: kina ngeli zake za nomino na minyambuliko ambayo Kiingereza cha leo kimeipoteza. Nimeona wanafunzi waliokulia katika Kibantu wakiizoea haraka kuliko wenzao Waingereza, maana mtu aliyezaliwa ndani ya upatanisho wa kisarufi hashangai neno linapobadilisha umbo ili likubaliane na jirani yake. Mashairi ya kipindi hicho yaliandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na mojawapo ya vitabu vinne vikuu vinavyoyahifadhi, kinachoitwa Junius 11, kipo Bodleian.

Mwaka wa pili na wa tatu husomwa vipindi vilivyobaki kuanzia 1350 hadi 1830, Shakespeare peke yake, somo la kuchagua, na tasnifu fupi. Mtihani wa mwisho wa mwaka wa kwanza lazima ufaulu, ingawa alama zake haziingii katika daraja la shahada.

Na ngazi ya uzamili na uzamivu?

Uzamili huchukua miezi tisa, kuanzia Oktoba hadi Juni, na umegawanywa kwa vipindi. Kwa watu wa kwetu napendekeza watazame pia mikondo miwili ambayo wengi hawaijui: ule wa fasihi za ulimwengu zilizoandikwa kwa Kiingereza, na shahada ya fasihi linganishi na uhakiki wa tafsiri. Wa pili huo unamfaa sana mtu mwenye Kiswahili na Kiingereza, na zaidi kama ana Kiarabu au Kifaransa.

Katika uzamili utafundishwa pia kusoma hati za mkono na kuelewa jinsi vitabu vya zamani vilivyotengenezwa, hata kupanga herufi za risasi kwa mikono yako na kuchapa karatasi. Wengine huliona somo hilo kuwa kavu. Mimi nalihesabu kuwa la thamani kubwa kwa yeyote anayefikiria kushughulikia tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwani tabia za wanakili, makosa yao na masahihisho yao ya pembeni hufanana popote pale.

Uzamivu huchukua miaka mitatu hadi minne, na Oxford huuita DPhil. Hapo unaingia ukiwa na pendekezo lako la utafiti, na mtu wa kukusimamia lazima awepo. Pendekezo zuri lisilo na msimamizi hukataliwa.

Sifa za kujiunga ni zipi?

Kwa shahada ya kwanza, anayetoka Kenya ajue mapema kwamba cheti cha kumaliza sekondari cha KCSE peke yake hakitoshi. Hutakiwa kuongeza A-level (mitihani ya kidato cha sita ya Uingereza), IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) au masomo mengine yanayolingana nayo. Mitihani ya kidato cha sita ya Tanzania na ile ya Uganda ina asili yake katika mfumo wa A-level, lakini usijipe matumaini kwa kudhani: chuo kina ukurasa unaotaja nchi moja moja na vyeti inavyovikubali, nao ndio hukumu. Kwa uzamili hutakiwa shahada ya kwanza yenye daraja la juu sana, barua tatu za wadhamini waliokufundisha, maelezo ya nia yako na sampuli ya maandishi yako ya kitaaluma. Sampuli hiyo hupewa uzito mkubwa. Insha moja iliyosahihishwa mara saba ina nguvu kuliko vyeti kumi vya semina.

Kuhusu kipimo cha Kiingereza, kiwango kinachotakiwa katika fasihi ni alama 7.5 za IELTS kwa jumla na si chini ya 7.0 katika kila sehemu. Kuandika ndiko kunakowaangusha watu wetu, kwa hiyo fanya mazoezi ya kuandika kwa kupimiwa muda.

Maombi ya shahada ya kwanza hupitia wapi, na lini?

Hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, na mwisho wake kwa Oxford ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia ule wa kuanza masomo. Kwa mwanafunzi wa Tanzania maana yake ni kwamba anaomba akiwa kidato cha sita, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa Mei. Wengi huamka baada ya matokeo ya Julai, wakati dirisha limefungwa kitambo. Mwaka mmoja huwezi kuomba Oxford na Cambridge kwa pamoja kwa shahada ya kwanza; chagua moja.

Maelezo binafsi sasa hujibiwa kwa maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Usizitumie kueleza kwamba umeipenda fasihi tangu utoto. Eleza shairi moja lililokusumbua na kwa nini lilikusumbua. Baada ya hapo utatakiwa kutuma insha uliyoiandika shuleni, ambayo mwisho wake huwa ni tarehe 10 Novemba. Hapa pana tatizo la kweli kwa shule zetu, ambako insha ndefu za fasihi zilizosahihishwa na mwalimu ni chache. Zungumza na mwalimu wako mapema, muhula mmoja kabla, ili iwepo kazi halisi ya darasani na si karatasi iliyotungwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Usaili ukoje?

Hufanyika Desemba kwa njia ya mtandao. Mara nyingi hupewa shairi au kipande cha nathari ambacho hujawahi kukiona, ukaachiwa muda mfupi wa kukisoma, kisha mnaanza kuzungumza. Hawatafuti jibu walilolificha. Wanatazama kama unaweza kubadili mawazo unapooneshwa jambo ambalo hukuliona. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza au kukubali, na heshima hiyo ni nzuri mahali pake, lakini katika usaili ule kukubali kila kitu huonekana kama kutokuwa na la kusema. Unaweza kupinga kwa adabu: samahani, mimi naona ubeti wa pili unasema vingine, kwa sababu ya neno hili hapa. Ukiweza kusema sentensi hiyo na kuonesha neno, umeusoma usaili wote.

Tafuta mahali penye umeme na intaneti ya uhakika siku mbili kabla. Ofisi ya rafiki, maktaba ya mkoa, shule yako. Popote, mradi umepajaribu.

Gharama ni kiasi gani?

Hapa nitasema wazi, maana wapo waliouza kiwanja cha familia kabla ya kupiga hesabu. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika shahada ya kwanza ya masomo ya aina hii inazidi pauni 35,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Uzamili nao ni makumi ya maelfu ya pauni. Juu ya hapo, chuo chenyewe kinakadiria gharama za kuishi kuanzia takriban pauni 1,400 kwa mwezi. Viza ina ada yake, na utalipa pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa ajili ya huduma ya afya, tena utalipa zote kwa mkupuo kabla hujaondoka. Bila ufadhili, kwa familia nyingi za kwetu, jambo hili haliwezekani, na si aibu kulisema. Usiuze kiwanja.

Ufadhili upo, na ni upi unaofaa kwa fasihi?

Upo, ila kwa fasihi mlango ni mwembamba kuliko kwa tiba au sera za umma. Kwa shahada ya kwanza, Reach Oxford huwachukua wanafunzi wachache kutoka nchi zenye kipato cha chini, na hulipa ada, posho ya kuishi na tiketi moja ya kwenda na kurudi kila mwaka. Nafasi ni chache mno, lakini ndiyo njia iliyo wazi.

Kwa uzamili na uzamivu nafasi huongezeka. Mfuko wa Clarendon, ulioanza mwaka 2001, hauhitaji fomu tofauti: ukiwahisha maombi yako ya masomo kabla ya tarehe ya Desemba au Januari inayotajwa kwenye ukurasa wa kozi, unafikiriwa moja kwa moja, na hauangalii nchi wala somo. Ndiyo maana nasisitiza tarehe. Nimewahi kumwona kijana mwenye sampuli ya kuvutia akipata nafasi ya masomo na kuikosa fedha kwa sababu alituma maombi katika awamu ya pili. Mpango wa AfOx nao unawahusu Waafrika hasa, na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, kwa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya kumaliza. Walimu wa sekondari wasidhani Chevening ni ya wachumi pekee. Anayeweza kueleza jinsi masomo yake yatakavyobadilisha ufundishaji wa fasihi ana hoja.

Kisha kuna skolashipu ya Rhodes, iliyowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1903. Afrika Mashariki ina nafasi zake, na hulipiwa kila kitu. Wanafunzi huniuliza kama ni halali kuchukua fedha za Cecil Rhodes. Ni swali la dhamiri na kila mtu ataliamua mwenyewe. Mimi naona kwamba utajiri ule ulichumwa Afrika kwa jasho la Waafrika, na Mwafrika anayesomeshwa nao haombi hisani ya mtu. Ila asome historia ya Rhodes kwanza. Kampeni ya kutaka sanamu yake iondolewe kwenye ukuta wa koleji ya Oriel ilipamba moto kuanzia mwaka 2015, na mwaka 2021 koleji iliamua kutoiondoa. Utapita chini yake ukienda dukani.

Naweza kwenda na mwenzi wangu na watoto?

Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa (usio wa utafiti) kwa kawaida hawaruhusiwi kuwaombea familia viza za kuwategemea. Walio katika uzamivu wanaruhusiwa. Jipange kwa kujua hilo. Wakazi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanatakiwa pia kupima kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa kabla ya kuomba viza.

Je, ni lazima iwe Oxford?

Hapana. Ngũgĩ alisoma Leeds. Mwalimu alisoma Edinburgh, kule Scotland. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Kent na akafundisha hapohapo kwa miaka mingi.

Kiswahili kina nafasi gani kule?

Katika shahada ya Kiingereza, Kiswahili hakifundishwi, na ukitaka kukisomea rasmi mahali pake Uingereza ni SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, ambako pia kuna mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yakiwemo mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliyokusanywa na kunakiliwa katika karne ya 19. Kutoka Oxford ni takriban saa moja kwa treni. Nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya karatasi zile nilijisikia kama mtu aliyekuta barua za babu yake kwenye kabati la nyumba ya wageni: furaha ya kuziona zimetunzwa, na maumivu ya kwamba mjukuu lazima aombe viza ili azisome. Yote mawili ni ya kweli, na sijaona sababu ya kuliacha moja.

Maisha ya kila siku yakoje: baridi, chakula, ibada, mavazi?

Baridi huvumilika kwa koti. Kigumu zaidi ni giza. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na kama hukutoka nje asubuhi unaweza kupitisha wiki bila kuliona. Jiwekee desturi ya kutembea kila siku mchana, hata dakika ishirini, na ukiona huzuni haikutoki mweleze daktari au washauri wa koleji mapema. Si udhaifu na hawatakushangaa.

Waislamu watapata msikiti karibu na barabara ya Cowley na mwingine katika Kituo cha Oxford cha Masomo ya Kiislamu, na barabara hiyo ya Cowley ndiyo yenye maduka ya nyama halali, mchele wa biriani, dengu na viungo. Wakristo hawatakosa kanisa. Karibu kila koleji kongwe ina lake.

Kuhusu mavazi, siku ya kuandikishwa rasmi na siku za mitihani huvaliwa joho juu ya nguo nyeusi na shati jeupe. Kwenye mitihani kuna desturi ya kubandika ua kifuani: jeupe mtihani wa kwanza, la waridi katikati, jekundu wa mwisho. Hakuna anayekulazimisha ua.

Nikimaliza nitafanya kazi gani?

Wapo wanaofundisha, wanaohariri, wanaotafsiri, wanaofanya kazi katika vyombo vya habari, sheria na diplomasia. Utaratibu wa sasa unamruhusu mhitimu kubaki Uingereza na kufanya kazi kwa miaka miwili, lakini wanaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wa uzamivu ambao hubaki na miaka mitatu.

Nianze kujiandaa vipi, na nibebe nini?

Chagua shairi moja kila wiki, la Kiswahili wiki hii na la Kiingereza wiki ijayo. Linakili kwa mkono wako lote, kwa sababu mkono unaponakili jicho huona vina, mizani na vituo ambavyo lilivipita haraka. Andika ukurasa mmoja kuhusu neno moja tu katika shairi hilo. Kisha mpe rafiki ausome na umruhusu akuulize maswali bila wewe kukasirika. Ukifanya hivyo kwa mwaka mmoja utakuwa na kurasa hamsini, na usaili hautakuwa mgeni kwako.

Katika begi weka vitabu vyako vya Kiswahili, hasa kamusi na zile diwani ulizoziandika pembeni kwa penseli, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu kuvipata madukani kule. Koti zito usinunue huku. La kwetu halitoshi. Utalipata kwa bei nafuu katika maduka ya mitumba ya misaada, na ukiwa katika pitapita hizo ingia duka la vitabu vilivyotumika la Oxfam lililo mtaa wa St Giles, ambako vitabu vingi vya orodha yako ya muhula wa kwanza utavikuta vimeshaandikwa maoni pembeni na mwanafunzi aliyekutangulia.